Kosa langu na mfupa wa salamanda

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani Nyamahanga, huku kwetu Biharamulo na Ngara zinakopakana, nikila likizo yangu ya siku kumi na nne. Mtandao huku unashika ukipanda kilimani, na mimi safari hii sikupanda sana. Nilikaa uani nikala ndizi za bibi na kusikiliza redio. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani kwa miezi mingi, na huko nyumbani limepata mlango wa kutokea, kwa hiyo leo naliandika. Nivumilieni, maana naanzia mbali kidogo.

Siku ya tatu tangu nifike, mdogo wangu aliye kidato cha pili alinijia na kitabu chake cha baiolojia. Kimechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi. Akanionyesha picha akaniuliza, "Kaka, huyu ni mjusi?" Nikatazama. Mnyama ana miguu minne mifupi, mkia mrefu, kichwa bapa. Kwa haraka ungesema mjusi tu. Lakini ngozi yake ni laini, yenye unyevu, haina magamba. Nikamwambia huyu ni salamanda, ni amfibia, ndugu yake chura na si ndugu yake mjusi. Akacheka. "Mbona hafanani na chura hata kidogo?" Kisha akauliza swali la pili: "Na huku kwetu wako wapi?"

Jibu ni kwamba hawako. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda hata mmoja anayeishi porini. Ukitaka kumwona barani Afrika ni mpaka uende kaskazini kabisa, kule Moroko, Algeria na Tunisia. Sisi tuna vyura wa kila aina, na kwenye milima kama Usambara na Uluguru tuna wale amfibia wasio na miguu wanaoishi ardhini, ambao mtu akiwafukua kwa jembe hudhani ni nyungunyungu wakubwa. Salamanda hatuna.

Mdogo wangu hakuridhika. "Hata zamani?" Hapo ndipo aliponishika, maana hata zamani ni habari nyingine. Sudan, ambayo si mbali sana na sisi, imewahi kutoa mifupa ya salamanda wa enzi za dinosaria. Nilikuwa nimesoma habari hiyo miezi michache nyuma, usiku mmoja ambao sikupata usingizi. Na usingizi niliukosa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Basi ngoja nilitaje kosa kwanza, salamanda nitamrudia.

Mwaka jana nilipewa habari fupi ya ajali. Gari la mizigo lilimgonga mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, kwenye barabara kuu iendayo Rusumo. Mzee akafariki. Mimi sikuwepo, nilipata taarifa kwa simu kutoka kwa mtu aliyekuwa eneo la tukio. Nikamuuliza marehemu ni nani. Akasema jina analosikia ni hili, na kwamba kabla hajakata roho alikuwa akiomba maji kwa lugha ya ng'ambo. Mhariri alikuwa anasubiri, ukurasa unafungwa. Nikatazama lile jina, nikaweka na ile lugha, nikaandika kwamba aliyekufa ni raia wa nchi jirani aliyekuwa akiishi nchini. Aya nne. Nikaenda kula.

Siku mbili baadaye simu ikaita chumba cha habari, wakaniita. Sauti ya mwanamke, mtu mzima kuliko mimi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, wewe ndiye umeandika habari za baba yangu?" Nikasema ndiyo, pole sana mama. Akasema, "Baba yangu amezaliwa Ngara. Baba yake kazaliwa Ngara. Alikuwa anaongea Kihangaza. Nani kakwambia ni wa nje?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu. Na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu moja ambayo msomaji wa Dar es Salaam huenda asiijue. Kihangaza ni lugha ya Watanzania wa Ngara, na kiko karibu sana na Kirundi. Anayejua kimoja humwelewa wa kingine. Mimi hilo nalijua tangu utotoni. Nimekulia huku. Bibi yangu anakiongea. Kama ningempigia bibi simu, akaniomba maji, yule mpashaji wangu angesema naye ni wa ng'ambo. Nilichokosa siyo elimu. Nilikosa dakika tano za kuuliza.

Gazeti lilisahihisha, mistari mitatu, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo. Kazi ikaendelea. Ila mimi nikaanza kutolala, na katika kutolala huko nikawa nasoma chochote kinachohusu namna watu wanavyotambua kitu wasichokijua kwa kipande kidogo tu cha ushahidi. Ndivyo nilivyoangukia kwa salamanda.

Kwanza nilikutana na mkosaji mwenzangu, nikafarijika kidogo. Mwaka 1726 daktari mmoja wa Zürich, Uswisi, aitwaye Johann Jakob Scheuchzer, alitangaza kwamba amepata mifupa ya mtu aliyekufa katika gharika ya Nuhu. Mifupa ilikuwa ndani ya jiwe kutoka machimbo ya Öhningen, Ujerumani. Kichwa kipana, uti wa mgongo, urefu wa karibu meta moja. Akaipa jina la Kilatini lenye maana ya mtu aliyeshuhudia gharika: Homo diluvii testis. Scheuchzer hakuwa mjinga wala tapeli. Alikuwa msomi, tena daktari, mtu aliyejua mifupa ya binadamu. Lakini alikuwa na hadithi kichwani kabla hajaliona jiwe, na jiwe likasomeka kama hadithi ilivyotaka.

Miaka 85 ikapita. Mwaka 1811 Mfaransa Georges Cuvier alikwenda Haarlem, Uholanzi, ambako lile jiwe lilikuwa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Teylers. Akaomba ruhusa ya kulichonga. Akaondoa mwamba taratibu pale ambapo miguu ya mbele ingepaswa kuwepo kama dhana yake ni sahihi, na miguu ya mbele ikatokea. Ya salamanda. Salamanda mkubwa, wa jamii ya wale walioko China na Japani mpaka leo, ambao wengine huzidi meta moja na nusu. Siku hizi kisukuku kile kinaitwa Andrias scheuchzeri. Andrias ni Kigiriki, maana yake sanamu ya mtu. Kwa hiyo kosa lilisahihishwa, lakini limebaki ndani ya jina, pamoja na jina la aliyelifanya. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatembea chumbani.

Sasa turudi Sudan, maana ndiko nilikojifunza zaidi.

Kaskazini mwa Sudan kuna miamba inayoitwa ya Wadi Milk, ya enzi ya Kretasia, enzi ambayo dinosaria walikuwa bado wanatembea. Mifupa midogo iliyopatikana humo ilifanyiwa kazi na wataalamu watatu, Susan Evans, Andrew Milner na Christa Werner, wakaitolea andiko mwaka 1996. Msifikirie kwamba walikuta mnyama mzima kalala kwenye jiwe kama yule wa Scheuchzer. Walichokuwa nacho zaidi ni pingili za uti wa mgongo, moja moja, zimetawanyika. Ni kama upewe tofali chache ukaambiwa eleza nyumba ilikuwaje na mwenye nyumba alikuwa nani.

Unaanzaje? Unaanza na kile ambacho hakiwezi kukudanganya kirahisi. Pingili ya kwanza ya shingo ya salamanda ina kichomozi mbele, kama ulimi mfupi, kinachoingia chini ya fuvu. Chura hana mpango huo. Pingili za kiwiliwili cha salamanda, pembeni, mara nyingi zina vichomozi viwili ambapo ubavu hushikia, kimoja juu kimoja chini. Kwa hiyo ukipata pingili tu, bila kichwa wala mguu, unaweza kusema huyu hakuwa chura, hakuwa samaki, hakuwa mjusi. Kisha unashuka ngazi moja: ni salamanda wa kundi gani? Unalinganisha mabonde na matuta ya mfupa na ya makundi yote yanayojulikana, ya leo na ya kale. Halafu unauliza: tofauti ninazoziona ni za spishi, au ni kwa sababu huyu alikuwa mtoto na yule mzee? Au pingili hii ni ya karibu na shingo na ile ni ya karibu na mkia? Maana mnyama mmoja hana pingili zinazofanana zote. Ukisahau hilo utampa mnyama mmoja majina matatu.

Baada ya kazi hiyo wakasema hawa ni salamanda, tena wa ukoo wa sireni. Sireni wa leo wana umbo la mkunga, wana miguu ya mbele tu, ya nyuma hawana kabisa, na wanaishi kusini mashariki mwa Marekani na kaskazini mashariki mwa Meksiko. Hebu fikiria umbali huo. Wale wa Sudan wakapewa jenasi mpya, Kababisha, na spishi mbili, Kababisha humarensis na Kababisha sudanensis. Ukilisikia jina hilo unawakumbuka Kababish, wafugaji wa ngamia wa jangwa la Sudan. Kwa hiyo mnyama aliyehitaji maji kuliko wote akapata jina linalotukumbusha watu wa jangwani.

Lakini kilichonigusa mimi si jina. Ni mambo mawili ya pembeni.

La kwanza: miaka mitatu kabla, mwaka 1993, Jean-Claude Rage na wenzake walikuwa wameeleza mifupa ya jamii hiyohiyo kutoka Bolivia na Niger. Wakampa mmoja jina la Noterpeton, na katika kichwa cha andiko lao wakawaita wanyama hao fumbo. Juu kabisa, mahali ambapo sisi magazetini tunaweka kishindo, wao waliweka shaka yao. Na tangu hapo wataalamu hawajawa na kauli moja: wengine wanaona hao wana familia yao wenyewe, wengine wanaona ni sireni. Hakuna aliyeona haya kwamba jambo halijaisha.

La pili: katika andiko lilelile la Sudan kulikuwa na mifupa ya amfibia mwingine, wa wale wasio na miguu, ndugu wa hawa wetu wa Usambara. Hawakumpa jina la spishi. Walisema ni wa kundi hilo, wakaishia hapo. Mifupa haikutosha kusema zaidi, nao hawakusema zaidi. Nilisoma sehemu hiyo nikamkumbuka mzee wa baiskeli. Ningeandika "mzee mmoja ambaye jina lake halijathibitishwa" nani angelalamika? Gazeti lingetoka vilevile. Nchi isingeanguka.

Haya, nimrudie mdogo wangu. Nilimweleza yote hayo tumekaa uani, na bibi alikuwa pale kwenye mkeka anachambua maharage ya mbegu. Mdogo wangu akauliza kama sisi tukichimba kilimani tunaweza kupata wetu, tukampa jina la Nyamahanga. Ilibidi nimvunje moyo. Mawe ya vilima vyetu ni ya kale kuliko mnyama yeyote mwenye mfupa. Huku watu wanatafuta dhahabu na nikeli, visukuku vya mifupa unavitafuta kwingine: Tendaguru kule Lindi, bonde la Ruhuhu kusini, Rukwa, Olduvai.

Nikampa mfano wa Ruhuhu ili asinune. Mwaka 1933 Mwingereza Rex Parrington alikusanya huko mifupa ya mnyama ambaye hakueleweka. Ikapelekwa Uingereza. Mwaka 1956 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Alan Charig, aliiandikia na kupendekeza jina la Teleocrater, lakini hakulichapisha rasmi. Mifupa muhimu ilikosekana, ikiwemo ya kifundo cha mguu. Charig alifariki mwaka 1997 jina likiwa bado halijawa rasmi. Mwaka 2015 watafiti walirudi Ruhuhu wakapata mifupa mingine, ile iliyokuwa imekosekana ikiwemo, na mwaka 2017 jina likachapishwa: Teleocrater rhadinus, ndugu wa kale wa dinosaria mwenye kifundo cha mguu kama cha mamba. Piga hesabu kutoka 1933. Miaka 84. Scheuchzer alisema siku moja, ikachukua miaka 85 kumsahihisha. Hawa walisubiri miaka 84 ndipo wakasema.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Nilidhani hasikilizi. Akaokota punje moja ya maharage, akaigeuza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii ni mbegu au si mbegu?" Nikasema ni mbegu. Akaigeuza upande wa pili, kuna kitundu cha mdudu. Akaitupa kwenye ungo wa kupika. Hakusema neno jingine, akaendelea na kazi yake.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si dogo kwetu, maana mtu anaweza kusema, aah, mwandishi kakosea uraia wa marehemu, amesahihisha, yaishe. Huku kwetu haliishi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia Rwanda. Wazee wetu waliwapokea. Tangu hapo, na kabla ya hapo pia, swali la "wewe ni wa wapi hasa?" halijawahi kwisha midomoni. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani kwetu Kagera, aliwapa wahamiaji haramu siku 14 waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, na ujambazi barabarani ulikuwepo, hilo silikatai. Lakini nakumbuka watu wakipimana kwa matamshi, kwa urefu, kwa pua. Nakumbuka baba akitembea na cheti chake cha ubatizo kwenye mfuko wa shati, ndani ya karatasi ya nailoni, mwezi mzima. Dawati la nyuma yangu darasani lilibaki tupu. Mpaka leo sijui yule msichana alikuwa wa wapi. Ninajua alikuwa anajua hesabu kuliko sisi sote.

Kwa hiyo mimi, mtoto wa yule baba mwenye cheti mfukoni, nikapewa kalamu, na nikapima mtu kwa matamshi. Tena matamshi niliyosimuliwa kwa simu.

Siku moja kabla ya likizo kwisha nilipanda bodaboda kwenda Ngara. Namba ya yule mama nilikuwa nayo, nilimpigia, akaniuliza mara mbili kama ni kweli ni mimi. Akanielekeza. Nilifika saa sita mchana nikiwa nimejaa vumbi. Nikamkuta na wanawe wawili wanaanika mihogo. Akanipa kigoda, akaniletea maji. Nilimsalimia kwa Kihangaza changu kilichovunjika, akanitazama muda mrefu.

"Kumbe wewe ni mtoto wa huku," akasema.

Nikasema ndiyo, shikamoo mama, nimekuja kuomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliingia ndani akatoka na lile gazeti, limekunjwa mara nne. Lenye kosa, siyo lenye masahihisho. La masahihisho hakuwahi kuliona. Akaniambia kwamba msibani mtu mmoja alilileta, na kuna jirani aliuliza kwa sauti kama shamba la marehemu sasa litakuwa la nani, maana gazeti limeandika alikuwa mgeni. Ni swali tu, mwenyekiti wa kitongoji akalizima palepale. Lakini liliulizwa, mbele ya jeneza.

Nilikuwa nimebeba nakala ya masahihisho. Nikampa. Akaisoma ile mistari mitatu, haikuchukua muda. Akauliza, "Ni haya tu?" Nikasema ni hayo tu. Akaikunja pamoja na ile nyingine.

Nikamwomba, kama hatojali, anisimulie habari za baba yake kuanzia mwanzo. Safari hii nilikuwa na daftari na nilikuwa na muda. Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka. Pale ambapo hakuwa na hakika, mfano mwaka aliozaliwa mzee, alisema hana hakika, na mimi nikaandika hivyohivyo. Nimempelekea mhariri. Ameniambia ni ndefu mno na haina tukio. Nitaendelea kumsumbua.

Jioni ile nilipofika nyumbani mdogo wangu alikuwa ananisubiri na kijiwe chenye michirizi, ameokota mtoni, anataka nimwambie ni mfupa wa nini. Nikakigeuza, nikakitazama kila upande kwa tochi ya simu. Nikamwambia huu si mfupa, ni jiwe. Ila ni jiwe la aina gani, sijui, kesho tumuulize mwalimu wako.

Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.